Mkojo Unaouma na Hauponi: Vijidudu Vinavyojificha Ndani ya Kibofu

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI WA KAMBI NA WA KANDO YA ZIWA MWERU

Somo letu la leo linahusu ugonjwa ambao wengi wanaona aibu kuutaja. Mtu akiumwa kichwa anasema mbele ya watu. Akiumwa wakati wa kukojoa ananyamaza. Ananyamaza wiki, ananyamaza mwezi, wengine wananyamaza miaka. Tusome pamoja, na ukimaliza umsomee jirani asiyejua kusoma.

TUANZE NA MFANO

Huu ni mfano tu wa kutufundisha. Mama mmoja anaishi kambini na mume wake na watoto wanne. Mkojo unamchoma kama pilipili. Anakwenda chooni mara kumi na tano kwa siku, na kila mara yanatoka matone tu. Tumbo la chini linauma. Alikwenda kliniki, mkojo ukapimwa kwa karatasi, akapewa vidonge vya siku chache. Akapata nafuu. Baada ya wiki tatu maumivu yakarudi. Akaenda tena. Safari hii karatasi haikubadilika rangi. Akaambiwa mkojo ni safi, hana ugonjwa.

Nyumbani mume akauliza: “Kama kipimo kinasema huna kitu, unaumwa nini?” Jirani akasema amerogwa. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba ni ugonjwa wa uzinzi. Mama akaenda sokoni, akanunua vidonge vinne vya rangi mbili bila kujua jina lake. Maumivu yakapungua siku mbili, kisha yakarudi kwa nguvu.

Je, mama huyu anadanganya? Hapana. Je, kipimo kimedanganya? Nacho hakikudanganya. Kipimo kimesema tu kile ambacho kinaweza kukiona. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili: kipimo kisipoona kitu, haimaanishi kwamba hakuna kitu.

MKOJO UNATOKA WAPI?

Kila mtu ana figo mbili, moja kila upande wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Figo zinachuja damu na kutoa maji yenye uchafu, ndiyo mkojo. Mkojo unashuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama mfuko. Kikijaa, tunasikia haja, na mkojo unatoka nje kwa njia moja.

Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi, kama sentimeta 4 tu. Kwa mwanamume ni ndefu, kama sentimeta 20. Tena kwa mwanamke njia ya mkojo iko karibu na njia ya haja kubwa. Kwa sababu hiyo vijidudu vinafika haraka kwenye kibofu cha mwanamke, hata akiwa msafi sana. Kuumwa mkojo si ushahidi wa uchafu wala wa uzinzi.

Vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu mara nyingi ni bakteria waitwao E. koli. Bakteria hao wanaishi ndani ya utumbo wa kila mtu na huko hawana ubaya. Ubaya unaanza wakiingia kwenye njia ya mkojo.

VIJIDUDU VINAJIFICHA NAMNA GANI?

Zamani waganga wa hospitali walidhani bakteria wanaogelea tu ndani ya mkojo. Ukinywa dawa wanakufa, mkojo unawatoa nje, basi. Mwaka 2003 watafiti wa mji wa St. Louis, nchini Marekani, wakiongozwa na Scott Hultgren, walitoa habari mpya. Walichunguza vibofu vya panya wenye ugonjwa huu, wakakuta E. koli wameingia ndani kabisa ya chembe zinazofunika ukuta wa kibofu. Humo walikuwa wamezaana na kukaa kwa makundi, wamebanana. Mwaka 2007 watafiti hao walipata dalili za makundi kama hayo katika mkojo wa wanawake wenye ugonjwa wa kibofu.

Fikiria nyumba ya udongo yenye panya. Ukipita na fimbo, utaua panya walio sakafuni. Ukiangalia sakafu, utasema nyumba ni safi. Lakini walio ndani ya ukuta wanasubiri usiku, kisha wanatoka. Vivyo hivyo, dawa inaweza kuua vijidudu vilivyo ndani ya mkojo na kuacha vile vilivyo ndani ya ukuta wa kibofu. Na mtu akinywa dawa nusu, anaacha wengi zaidi.

Lakini tusikosee. Si kila ugonjwa unaorudi umetoka ndani ya ukuta. Mara nyingi vijidudu vipya vinaingia tena kutoka njia ya haja kubwa. Tena kuna magonjwa mengine yenye dalili hizo hizo. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji kuchunguzwa, si kubahatisha dawa.

KWA NINI KIPIMO KINASEMA “HAKUNA KITU”?

1. Karatasi ya kupimia mkojo ina mipaka. Rangi moja inatafuta alama inayoachwa na bakteria, nyingine inatafuta chembe nyeupe za damu ambazo ni askari wa mwili. Lakini kuna bakteria wasioacha alama hiyo. Na wale wanaoiacha wanahitaji muda, kama saa nne mkojo ukiwa kibofuni. Mgonjwa anayekojoa kila dakika ishirini hawapi muda huo.

2. Mkojo umekuwa maji tu. Mgonjwa akinywa maji mengi sana ili apate mkojo wa kupima, vijidudu vinakuwa vichache ndani ya maji mengi, na karatasi haivioni.

3. Mgonjwa amekunywa antibiotiki kabla ya kupima. Vidonge viwili vya sokoni vinatosha kuficha ugonjwa kwa siku kadhaa bila kuuponya.

4. Hesabu ya maabara ni kubwa. Kuna kipimo cha kuotesha mkojo: mkojo unawekwa kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, na baada ya siku moja au mbili wanahesabu vilivyoota. Katika miaka ya 1950 daktari Edward Kass wa Boston alipendekeza kwamba vikifika 100,000 katika mililita moja ndipo kuna ugonjwa. Hesabu hiyo ilienea duniani. Lakini mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba wanawake wengi wenye maumivu ya kweli wana vijidudu vichache kuliko hapo, hata mia chache tu.

5. Ugonjwa wenyewe ni wa aina nyingine, ambao karatasi haiwezi kuutaja na sahani ya kawaida haiwezi kuuotesha. Tutazame aina hizo.

MAGONJWA MENGINE YANAYOJIFICHA HAPA KWETU

Kichocho (bilhazia). Huyu si bakteria, ni mnyoo. Anaishi kwanza ndani ya konokono wadogo wa maji yaliyotulia, penye matete na majani. Akitoka kwenye konokono anapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayevuta nyavu au anayechota maji. Kandokando ya Ziwa Mweru na Mto Luapula ugonjwa huu upo. Wavuvi wa Chisenga, akina mama wanaofua ufukweni na watoto wanaoogelea wote wako hatarini. Mayai ya mnyoo yanakwama kwenye ukuta wa kibofu na kuutia vidonda. Dalili yake kubwa ni damu, hasa mwisho wa kukojoa. Wako wazazi wanaosema kijana akikojoa damu ndiyo amekua. Si kweli. Ni ugonjwa, na ukiachwa miaka mingi unaharibu figo na unaweza kuleta kansa ya kibofu.

Kwa mwanamke, mayai ya kichocho yanaweza kukaa pia kwenye njia ya uzazi. Anatokwa na uchafu, anatoka damu, anaumia wakati wa tendo la ndoa. Watu wanadhani ni ugonjwa wa zinaa, na ndoa zinavunjika bure. Baba, kabla ya kumlaumu mkeo, kumbuka maji anayofulia nguo zako.

Kichocho na bakteria vinaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Ukimtibu bakteria na kumwacha mnyoo, kibofu kinaendelea kuwa na vidonda na maumivu hayaishi.

Kifua kikuu cha figo na kibofu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Kinaweza kwenda kwenye figo na kushuka kibofuni. Mkojo unakuwa na chembe nyingi nyeupe, lakini kwenye sahani ya kawaida hakioti kitu. Mgonjwa amekunywa antibiotiki mara tatu, mara nne, hakuna nafuu. Pengine anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni. Ugonjwa huu unatafutwa kwa kipimo chake, na unatibiwa kwa dawa za miezi sita au zaidi. Unapona.

Kisonono na klamidia. Haya ni magonjwa ya zinaa. Yanachoma wakati wa kukojoa, na kwa wanawake wengi hayaonyeshi dalili yoyote. Yanatibika, lakini ni lazima mume na mke watibiwe pamoja.

Mengine. Ugonjwa wa sukari, mawe kwenye figo au kibofu, na kwa wazee wanaume uvimbe wa tezi inayozunguka njia ya mkojo. Na kama mkojo unavuja wenyewe mchana na usiku tangu ulipojifungua, hiyo ni fistula. Dawa za vidonge haziiponyi. Inashonwa na daktari wa upasuaji. Usikae nayo nyumbani.

UFANYE NINI?

Hatua ya 1. Andika. Chukua daftari lako la kliniki. Andika siku maumivu yalipoanza, yamerudi mara ngapi, dawa gani ulikunywa na kwa siku ngapi. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule akuandikie. Mhudumu akiona kwamba umekuja mara ya nne kwa jambo lile lile, atafikiri tofauti na yule anayeona mgonjwa mpya.

Hatua ya 2. Sema yote. Sema kama umeona damu. Sema kama unaoga au unafua ziwani. Sema kama kuna mtu nyumbani mwenye kifua kikuu. Sema kama ulinunua vidonge sokoni. Hakuna atakayekupiga. Kama unaona haya mbele ya mwanamume, omba muuguzi mwanamke. Kama hujui Kibemba wala Kiingereza, omba mtu wa kutafsiri, lakini asiwe mtoto wako.

Hatua ya 3. Toa mkojo vizuri. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji. Acha mkojo wa kwanza uende chini, kinga wa katikati kwenye chupa safi uliyopewa na kliniki, usiguse ndani ya chupa. Kwa kipimo cha bakteria, mkojo wa asubuhi ni mzuri. Kwa kipimo cha kichocho, mkojo mzuri ni wa saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, maana wakati huo mayai yanatoka kwa wingi, na yale matone ya mwisho ndiyo ya muhimu.

Hatua ya 4. Nenda mwenyewe, usitume chupa. Hili ni muhimu kwa ndugu zetu wa Chisenga na wa vijiji vya mbali. Mkojo ukikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto, vijidudu vya nje vinazaana ndani ya chupa, na kipimo kinaonyesha ugonjwa usiokuwepo, au kinachanganya kila kitu. Ukimpa mtu wa mtumbwi chupa yako aipeleke ng’ambo, itafika imeharibika. Panda wewe, ukatoe mkojo huko huko kwenye maabara.

Hatua ya 5. Uliza. Karatasi ikisema hakuna kitu na wewe bado unaumwa, usiondoke kimya. Uliza kwa heshima: “Mkojo wangu unaweza kuangaliwa kwa darubini? Unaweza kuoteshwa? Nimepimwa kichocho? Nipimwe kifua kikuu? Mimi na mwenzangu tupimwe magonjwa ya zinaa?” Kama kliniki haina kipimo hicho, uliza kama unaweza kuandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya St. Paul’s iliyopo Kashikishi. Kuuliza si ugomvi.

Hatua ya 6. Maliza dawa. Kunywa kwa siku zote ulizoandikiwa, hata ukipona siku ya pili. Usimgawie jirani. Kama ni kichocho, utapewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito au urefu wako. Dawa hiyo inaua minyoo mikubwa, haiui michanga, kwa hiyo unaweza kuambiwa urudi kuimeza tena. Na ukirudi kwenye maji yale yale, utaambukizwa upya.

ONYO KUHUSU DAWA ZA SOKONI

Ndugu msomaji, usisome somo hili kisha ukaenda kununua antibiotiki kwa sababu umesikia kwamba vijidudu vinajificha. Hapo utajiumiza. Vidonge vichache vinaua vijidudu dhaifu na kuacha vyenye nguvu, na siku ukiugua kweli, dawa hiyo haitafanya kazi kwako wala kwa mtoto wako. Hata madaktari wakubwa bado wanabishana ni nani anayefaa kupewa antibiotiki kwa muda mrefu. Hilo si jambo la kuamua mbele ya meza ya muuzaji.

Jua pia kwamba mtu anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote, hasa wazee. Huyo kwa kawaida hahitaji dawa. Lakini mama mjamzito anahitaji kutibiwa hata bila maumivu, maana ugonjwa unaweza kupanda kwenye figo na kumfanya ajifungue kabla ya siku zake. Kila mjamzito apimwe mkojo anapohudhuria kliniki.

DALILI ZA HATARI: NENDA LEO, USISUBIRI KESHO

- Homa kali na kutetemeka.
- Maumivu ya mgongo upande mmoja, chini ya mbavu.
- Kutapika hata dawa haikai tumboni.
- Kushindwa kabisa kukojoa.
- Mjamzito mwenye maumivu ya mkojo au homa.
- Mtoto mdogo mwenye homa isiyojulikana sababu, au anayelia akikojoa.
- Damu kwenye mkojo. Hata kama haiumi, hata kama ni kidogo.

TUJIKINGE

Kunywa maji salama ya kutosha. Tunajua foleni ya bomba ni ndefu, na mama huwanywesha watoto kwanza. Lakini mkojo wa njano nzito wenye harufu kali ni alama kwamba mwili unaomba maji.

Usibane mkojo. Akina mama na wasichana wengi wanabana usiku kucha kwa kuogopa giza la njiani kuelekea chooni. Hofu hiyo ina sababu. Nendeni wawili wawili na taa, au weka ndani ndoo yenye mfuniko na uimwage chooni asubuhi. Kama choo chenu hakina mlango au njia yake si salama, peleka habari kwa mwenyekiti wa sehemu yenu na kwa wahudumu wa afya.

Ukimaliza haja kubwa, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Wafundishe binti zako. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Usiweke sabuni, majani wala dawa ndani ya uke.

Tumia maji ya bomba au ya kisima kuoga na kufulia pale inapowezekana. Usikojoe wala usijisaidie ziwani au mtoni, maana hapo ndipo konokono wanapopata kichocho na kuturudishia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Karatasi ya mkojo haikubadilika rangi. Je, ni hakika kwamba mgonjwa hana ugonjwa?
2. Kijana wa miaka 12 anakojoa damu mwishoni. Amekua?
3. Kwa nini chupa ya mkojo isisafirishwe muda mrefu kwenye joto?
4. Mume afanye nini mke wake akirudi kutoka kliniki na kusema bado anaumwa?

Majibu

1. Hapana. Kipimo kinaweza kukosa kuona. Arudi, aeleze, aombe kuchunguzwa zaidi.
2. Hapana. Yaelekea ni kichocho. Apelekwe kliniki, na watoto wanaooga naye wapelekwe pia.
3. Vijidudu vinazaana ndani ya chupa na majibu yanakuwa si ya kweli.
4. Amwamini, na amsindikize kwenda tena. Yule mama wa mfano wetu hakukosa dawa tu. Alikosa mtu wa kumwamini.

Kama somo hili limekugusa, usiliweke moyoni. Mwone mhudumu wa afya wa sehemu yako wiki hii.